Asiyelipa Haanzi Kusema

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule mapema nikaingia biashara ya karanga na muhogo, nanunua Aroi, nauza Koboko, na mengi ninayoyajua niliyajulia mpakani. Kwa hiyo msinicheke nikisema kwamba katika uzee huu nimecheza mchezo wa simu, tena ule wa watu wa nchi nyingi, ambamo kila mmoja anajifanya mtu mwingine. Anazunguka katika nchi ya kubuni, anapigana na mazimwi, anachuma dawa za porini, anapanda daraja.

Aliyeniingiza humo ni binti yangu. Nilikuwa nimepasuliwa goti, nimewekwa sebuleni hapa Arua kama gunia la muhogo mkavu. Yeye amebeba jina la marehemu mama yangu, basi mimi humwita Mama, na yeye huniamuru kama mama kweli. Akauweka mchezo kwenye simu yangu, akaniambia nitembee humo mpaka goti lipone. Akanichagulia kizee kifupi chenye fimbo. Yeye alikuwa jitu la kiume, ndevu hadi kifuani, shoka mgongoni. Nilipomuuliza mbona mwanamke mzima amejifanya dume, alisema wanawake humo husumbuliwa, lakini jitu lenye shoka halisumbuliwi na yeyote.

Sasa, mchezo ule una watu wa aina mbili: anayelipa kila mwezi na anayeingia bure. Binti yangu alikuwa analipa. Mimi nilikuwa wa bure, na wa bure anabanwa kila upande. Begi lake dogo, ukichuma majani kidogo tu limejaa. Sokoni anaruhusiwa kutazama, kuuza hapana. Fikirini, mimi niliyeuza karanga kwa Wakongo na kwa watu wa Sudani Kusini, nikiongea na maaskari wa kila upande mpaka wananipa chai, nazuiwa kuuza majani! Hawezi kumpa mwenzake kitu mkononi. Akifika daraja fulani anasimamishwa hapo, hata aue mazimwi yote. Na lililo kubwa kuliko yote, haruhusiwi kuanza kusema. Anayelipa akikusemesha, unamjibu. Asipokusemesha, mdomo wako umeshonwa. Binti alinieleza kwamba matapeli walikuwa wanaingia bure na kuwasumbua watu kwa matangazo, ndiyo maana.

Mwingine angekasirika. Mimi sheria hiyo niliipokea vizuri. Babu yangu aliletwa huku na jeshi, kutoka Sudani, na alikuwa akituambia kuruta hamsemeshi afande, anangoja asemeshwe. Na nyumbani kwetu, kinyume chake, mkubwa hamwamkii mdogo. Mdogo ndiye anakuja, binti anapiga magoti, ndipo mkubwa anamwekea mkono kichwani na kuitika. Kwa hiyo sikujua kama humo mimi ni kuruta au ni baba, lakini kazi ilikuwa moja: kungoja. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilikaa karibu na kisima cha mchezo. Lile jitu lilikuja, maneno yakatokea juu ya kichwa chake, "Salaam aleikum, Baba," nami nikajibu. Kisha tukaenda kuchuma majani.

Halafu tukagombana. Si mchezoni, hapa hapa duniani. Alitaka kuhamisha biashara yake ya vitenge aipeleke Koboko, akae huko peke yake. Nikasema Koboko naijua, ni mji wa mpakani, leo soko limejaa, kesho mpaka umefungwa unakula vitenge vyako. Akasema na yeye anaijua, mimi ndiye niliyempeleka huko akiwa mtoto, amekaa juu ya magunia. Hapo alinishinda, na mtu akishindwa husema neno kubwa. Nilimwambia akienda asinipigie simu mpaka arudi Arua. Akaenda.

Na hakupiga. Alikuwa anampigia mama yake, wanaongea jikoni, mimi nasikia vicheko tu. Binti yule ni mtiifu vibaya.

Lakini kuhusu mchezo sikuwa nimesema neno. Niliweka MB zangu, nikaenda kisimani. Na jitu likaja. Nikangoja salamu. Jitu likasimama mbele yangu, ndevu hizo, kimya. Likainama, likachuma majani, likainuka, likainama tena. Halikusema kitu.

Kesho yake hivyo hivyo. Na siku zilizofuata.

Niwaambie ukweli, iliniuma kuliko goti. Kama asingekuja ningesema yuko na kazi. Lakini mtu kuingia uani kwako, akuone umekaa, achume mboga zake bila salamu, aondoke? Kwetu hivyo ndivyo unavyomwambia mtu kwamba kwangu wewe umekufa. Nikaanza kufikiri kwamba nimempoteza mtoto huyu. Chakula kikawa majani makavu mdomoni. Mke wangu akadhani ni goti, akanikanda kwa mafuta ya simsim, na mimi nikaacha nikandwe, kwani mafuta yale ni mazuri hata kama ugonjwa uko kwingine.

Siku moja alikuwa amekaa mkekani kando yangu akisuka kawa. Kawa za mke wangu ni nzuri, rangi zake hazichuji, watu wanaziagiza mpaka Yumbe, lakini si hiyo hadithi yangu. Alinyoosha shingo akatazama simu.

"Huyo mutu iko anafanya nini?"

Nikamjibu kwamba anachuma majani. Yeye akaendelea kutazama, ukili umening'inia mkononi.

"Majani gani? Hapo iko mawe tupu."

Nikatazama. Ni kweli, pale kisimani pamesakafiwa mawe. Hapajawahi kuota hata magugu. Majani tulikuwa tunayafuata mbali, ng'ambo ya mto.

"Mzee," mke wangu akasema, polepole kama anavyosema na kuku asiyetaka kuingia bandani, "anapiga magoti."

Mimi nikasema mwanaume hapigi magoti.

"Huyo mwanaume nilimzaa mimi, nikiwa na uchungu huko Kuluba, mvua inanyesha. Mwitikie mtoto."

Ndivyo lilivyokuwa. Zile ndevu zilinifichia binti yangu. Laiti ningeona mwanamke anashuka magotini ningejua mara moja, mkono wangu ungeinuka wenyewe. Lakini jitu lenye shoka likishuka chini, akili yangu ya Arua ilisema linachuma.

Simu ileile niliyokuwa nachezea, nikaufunga mchezo, nikampigia. Si kwamba nilianza mimi. Nilikuwa nimeshaamkiwa, tena mara nyingi, nilikuwa naitika tu.

Akapokea.

"Mama," nikasema, "nimeitika."

Nikasikia anavuta pumzi, kisha makelele ya soko nyuma yake, boda zinapiga honi.

"Baba, nimepiga magoti mpaka suruali ya huyo jamaa imetoboka. Nilidhani umenifuta."

Akanieleza. Tangu ahamie Koboko aliacha kuulipia mchezo, kibanda kinakula kila kitu. Akawa wa bure, kama mimi. Wa bure haanzi kusema. Mimi wa bure, yeye wa bure, tumesimama kisimani, mbele ya dunia nzima, hakuna wa kuanza. Kitu pekee walichomwachia wenye mchezo bila malipo ni kuusogeza mwili: kupunga mkono, kucheza ngoma, kupiga magoti. Kupunga mkono kwa baba yake aliona si adabu.

Nilicheka mpaka mke wangu akaninyang'anya simu. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani kilitoka, nikaomba chakula, nikala, nikaomba tena.

Goti lilipokubali nilipanda gari nikaenda Koboko. Nilikuta kibanda chake kimejaa vitenge, na wateja kutoka pande zote za mpaka wakibishana bei naye kwa lugha zote, na yeye akiwajibu zote. Sikusema neno juu ya mpaka kufungwa. Aliponiona akaweka chini mita yake ya kupimia vitenge, akaja akapiga magoti pale pale vumbini, kati ya marobota.

Mama mmoja mnunuzi, ameshika kitenge cha bluu, akamwinamia akauliza kwa huruma: "Umeangusha nini, dada? Tukusaidie kutafuta?"

"Acha, mama," nikasema, na mkono wangu tayari uko juu ya kichwa cha binti yangu. "Tumeshapata."