Paipu za Simiti Tulizolaza Gatitu

Siku yangu ya kwanza kazini, idara ya maji taka hapa Nyeri, fundi mkuu alinipa nyundo ya mbao. "Gonga hiyo paipu, usikize. Macho hudanganywa." Paipu ya udongo wa kuchomwa, ikiwa nzima, hulia kama kengele. Iliyo na ufa hulia kama debe bovu. Hiyo ndiyo shule niliyomaliza. Ile nyingine niliiachia darasa la nne.

Miaka ya tisini tukaletewa paipu za simiti. Maji taka hutoa gesi ya kunuka kama mayai viza, inapanda juu, inageuka asidi na kula dari ya paipu. Simiti ikiwa nzuri hustahimili miaka. Lakini za Njogu, kontrakta wa kutoka Kerugoya, zilikuwa mchanga uliosalimiwa tu na simiti.

Kipimo kilikuwepo. Unachagua paipu moja kwenye kila lori, unaipima uzito, unailaza ndani ya maji mpaka kesho, unaipima tena. Ikiwa imekunywa maji mengi, lori lote linarudi. Mimi ndiye niliyezilaza majini, na lori la tatu, Njogu akiwa ametuchagulia tena ya kupima, nikashtuka.

"Inspekta, hii si ni ile tuliyopima juzi? Iko na pengo mdomoni."

Inspekta Gathungu hata hakuinama kuangalia. "Ati pengo? Hata wewe uko na pengo na tulikuandika kazi."

Watu wakacheka, Njogu akiwashinda wote. Kisha nikasukumiwa karatasi ya kipimo, nami nikaweka kidole gumba. Kibarua nilikihitaji.

Miaka michache baadaye mtaro wa Gatitu, tulikolaza paipu hizo, uliziba. Nilishuka na mwenzangu Maina.

"Maina, hii dari inamwaga mchanga. Tutoke."

"Wewe hushuku hata chai ya bibi yako," akasema, akaendelea kusukuma fito za kuzibulia.

Dari ikashuka. Mimi nilitolewa na mguu uliovunjika. Maina alitolewa amekufa.

Gathungu alipandishwa cheo. Njogu ndiye aliyeleta paipu za kurekebishia. Mimi nilistaafishwa na magongo.

Siku hizi wanalaza za plastiki, wanasema asidi haiziwezi. Labda. Nyinyi vijana mnaozilaza, ulizeni ni nani alichagua ile ya kupimwa.

Baada ya mazishi mke wa Maina aliniuliza, "Baba Wanjiru, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia ndiyo. Tukikutana sokoni yeye huvuka barabara, na kwa hilo siwezi kumlaumu Njogu wala Gathungu.