Zahanati Iliyojengwa Kibanjani Kwangu

Niliripoti kazini mwaka 1978, karani wa kata, nimevaa shati la kuazima. Katibu Kata, mtu asiyependa maswali, alinikabidhi daftari la mihtasari, yaani kumbukumbu za vikao. Kikao kilikuwa cha saa nne. Saa tatu akaniagiza niandike maazimio.

"Lakini mzee, wajumbe hawajafika."

"Watafika, watakubali. Andika: wajumbe wote waliafiki."

Nikaandika. Niliendelea hivyo miaka mingi, kata tatu, chini ya wakubwa wanne. Chama kilikuwa kimoja, na sitajifanya leo kwamba nilipinga. Wajumbe walikunywa chai wakaenda zao.

Vyama vingi vilipokuja nilikuwa afisa mtendaji wa kata, nimerudishwa nyumbani, upande wa Rugu. Diwani alitoka upinzani. Mwenyekiti wa kijiji alibaki wa chama tawala. Ugomvi ukawa zahanati. Wajawazito wetu walibebwa kwa machela hadi Bweranyange, na dada yangu alifia njiani, mtoto tumboni. Diwani aliitaka kwao mlimani, mwenyekiti aliitaka kwake barabarani. Sasa angalieni: diwani ndiye wa kuomba mabati na mkunga halmashauri, mwenyekiti ndiye mwenye ardhi ya kijiji na watu wa kufyatua tofali.

Vikao vitatu vilivunjika. Cha nne niliingia na muhtasari tayari, mazoea hayo, nimeandika "barabarani". Diwani aliusoma akaurusha mezani.

"Mzee Mwenyekiti, bila mabati yangu utaezeka nyasi."

"Na wewe mwanangu, bila tofali zangu hayo mabati utayaegesha hewani!"

Watu wakacheka, na wao wenyewe wakacheka. Kisha mwenyekiti akasema, kwa sauti ya chini, basi tutafute katikati. Tukatoka wote tukahesabu hatua, kundi moja kutoka mlimani, jingine kutoka barabarani. Tulikutana kibanjani kwangu, kwenye migomba na kahawa inayozunguka nyumba yangu.

"Kumbe ni kwa Mtendaji!" diwani akasema. "Huyu hana chama, hatatuwekea kinyongo."

Hana kinyongo, nani kasema? Kibanja chetu si migomba tu, wazazi wangu wamelala pale. Nikawaambia hivyo. Wale wawili wakajitenga kando wakanong'ona, mara ya kwanza kuwaona wakinong'ona pamoja. Wakarudi: makaburi na nyumba visiguswe, nichukue ardhi nyingine ya kijiji bondeni. Nikakataa. Wajumbe wakapiga kura, wakaniambia niandike. Niliandika kwamba wajumbe wote waliafiki isipokuwa katibu wa kikao, yaani mimi.

Nyumbani nilifoka. Mke wangu aliniacha nimalize.

"Kama ingemwokoa wifi yangu," akasema, "ningewaruhusu wajenge hata chumbani."

Lakini hasira haikuisha.

Nimestaafu. Vijana wakiniuliza chama kipi kilitujengea, nasema hakuna. Yeyote kati ya wale wawili angekuwa na nguvu peke yake, angeijenga mlangoni kwake, nami ningemwandikia.

Wajawazito wanaosubiri zamu hukaa barazani kwangu. Huniamkia shikamoo, huomba maji, huuliza kama ni mimi niliyetoa ardhi. Nawajibu sikutoa, nilinyang'anywa. Hucheka, wakidhani natania. Sitanii. Ila maji nawaletea.