Mshona Katambuga Anaamkia

Mshona katambuga, zile ndala za matairi, wa Olasiti huongea kidogo, maana muda wote midomo yake imebana misumari. Hukata tairi, huchomoa msumari mmoja mdomoni, hugonga mara mbili, basi. Lakini ukimsalimia huitema yote kiganjani, akakuuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, na swali la pili haliji mpaka la kwanza limejibiwa. Violet, anayefundisha darasa la ubatizo la watu wazima, ameshachelewa kanisani mara kadhaa kwa salamu hizo.

Jumamosi moja ilikuwa zamu ya mzee huyo, naye ni mwanafunzi wa darasa hilo, kuomba kwa sauti. Ambaye angeshindwa angesubiri ubatizo hadi Krismasi. Alisimama, akajipapasa midomo kana kwamba misumari bado ipo, akaikutanisha mikono yake iliyokolea weusi wa mpira. "Shikamoo, Mungu," alisema. Kisha kimya. Wenzake wakatazamana, mmoja akabana kicheko. Violet, ambaye maombi yake mwenyewe huwa ya mbio, haja kumi na amina, alimnong'oneza, "Endelea, baba. Mwambie shida zako."

Mzee hakufumbua macho. "Mwalimu, nimemwamkia mkubwa. Nianze shida zangu kabla hajaitikia?"

Violet alifungua kitabu cha mafundisho, akapekua kurasa mbili tatu, akakifunga. Miaka kumi na miwili alikuwa amewafundisha watu namna ya kusema. Akafumba macho, akangoja naye.