Postikadi ya Kilima cha Mwese

Mjomba wangu alipofariki, mimi na mama tulikwenda kusafisha nyumba yake mtaa wa Shanwe. Alikuwa karani wa posta maisha yake yote. Chini ya kitanda tulikuta boksi la viatu limejaa postikadi za zamani, zile zisizo na rangi: viboko wamebanana mtoni, wavuvi wa ziwani na mitumbwi yao, na moja ya kilima cha Mwese. Msitu ulikuwa umefunga kuanzia kileleni mpaka mtoni, hata njia haikuonekana.

Mama aliishika ile ya Mwese kwa muda. "Hapa ndipo tulipokuwa tunachota maji," akasema, kisha akaendelea kufagia.

Mimi sikuweza kuiacha. Nilikwenda nayo kwangu Majengo, nikaiegemeza kwenye redio, na kila nikipita naitazama. Nilizaliwa mjini; Mwese niliyoijua ni ya kwenye misiba, tunafika na kugeuza. Huo msitu sikuwahi kuuona. Nilianza kuunguza mboga, kusahau nilichoendea dukani. Mwishowe nikamwambia mama twende.

"Kutafuta nini?"

"Mahali palipopigwa picha."

Akaguna, lakini asubuhi nilimkuta amevaa viatu vya kufunga.

Tulikwenda kwa bodaboda, na barabara iliposhindikana tukatembea. Mama alitangulia. Aliposimama, nilidhani anapumzika. Kilima kilikuwa kipara. Mahindi yalipanda mpaka juu, na mto ulibaki kijito cha kuruka bila kukunja gauni. Ng'ombe walikuwa wanakunywa.

Mama mmoja wa Kisukuma alitoka kwenye nyumba ya karibu, akatupatia viti, akamwita mama yangu "mayu" kama anavyomwita mama yake. Nikampa postikadi. Maneno yalinitoka kwa ukali nisioupanga: "Kabla nyie hamjaja na ng'ombe, hapa palikuwa hivi."

Aliitazama vizuri. "Sisi tulipofika tulikuta visiki," akasema taratibu.

Nilitaka kumbishia, mama akaniwahi. "Anasema kweli. Msitu huu tuliumaliza sisi. Tulilima tumbaku, na tumbaku inakaushwa kwa moto. Kila nyumba ilikuwa na bani lake la kukaushia, na bani linakula kuni mchana na usiku. Baba yako alikuwa hodari wa shoka. Watu walimsifu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ilikuwa kazi."

Niliinuka nikaenda mpaka kijitoni, nikarudi, nikaenda tena. Hasira nilikuja nayo, sasa sikujua niipeleke wapi. Nyuma yangu wale wawili walishaanza kuongea habari za maji. Mwenyeji wetu alisema kiangazi wanafukua mchanga ndipo wapate ya kunywa.

"Palikuwa na chemchemi chini ya lile jiwe," mama akasema. "Lete jembe."

Walichimba kwa zamu. Udongo ulitoka mkavu, kisha wenye unyevu, kisha tope. Niliposogea, mama akanipa jembe, nami nikachimba mpaka viganja vikavimba.

Wiki chache baadaye nilirudi Mwese peke yangu. Mwenyeji alikuwa ameizungushia chemchemi miiba, ng'ombe wasiikanyage. Maji yalikuwa machache, na yana vumbi. Alinikaribisha nikae ninywe uji. Nilishindwa kutulia. Nilimwomba panga, nikaenda kukata miiba mingine.