Kiti cha Dirishani

Mtaa mzima ulimwita Mkasi, maana alikata kitambaa bila kupima, na ulimi wake ulikata zaidi. Cherehani yake ilikaa dirishani tangu aanze kazi. Mkewe hakuwahi kumwona akishona mahali pengine. Ni mkewe huyo aliyeyaona mabaka mgongoni, yakazidi kuvimba mpaka yakawa uvimbe. Saratani ya ngozi, wakaambiwa.

Kliniki, nesi aliwaeleza taratibu. Dawa ile asili yake ni mmea. Ukiimeza hujipenyeza hadi kwenye DNA, ule uzi pacha unaobeba maagizo ya kila chembe ya mwili. Gizani haina makali. Mgonjwa akisimama ndani ya kabati la taa, mwanga huiamsha, nayo huzigandisha zile nyuzi mbili. Chembe ya saratani ikishindwa kuziachanisha ili izaliane, hufa.

"Yaani zipu inapigwa mshono katikati," Mkasi alisema. "Ifunguke sasa tuone!"

"Na chembe nzima je?" mkewe aliuliza, roho juu.

"Nazo huumia, mama. Ndiyo maana mwanga tunaupima. Leo na kesho asipigwe na jua, na miwani hii myeusi asiivue."

Nyumbani mke alifunga dirisha la kioo, akakaza komeo, akashusha pumzi. Mkasi akaketi mahali pake, miwani myeusi usoni, gauni la bibi harusi mapajani.

"Bosi kabisa," mke alimtania.

"Bosi gani anajidunga sindano? Lakini usihofu. Jua liko nje, mimi niko ndani."

Siku ya pili shavu na mkono wa upande wa dirisha viliamka vimeiva, vimejaa malengelenge.

Nesi hakugomba. "Kioo huzuia upepo, mama. Mwanga unaoiamsha dawa hupita."

Matibabu yakasimamishwa mpaka ngozi ipone. Uvimbe wenyewe haukusimama. Kila asubuhi mke aliupapasa, akauona umekua.

Walipoitwa tena kliniki, mke hakungoja kukumbushwa. Waliporudi tu nyumbani, aliburuta cherehani mpaka kona ya ndani, chini ya taa hafifu.

"Ndiyo unanizika kabisa, mama watoto? Hata tundu la sindano silioni!"

"Lete hapa."

Akaichukua sindano, akaenda nayo dirishani, akatunga uzi. Kisha akarudi kwenye kivuli, akamwekea kiganjani.