Dirisha la Mama

Fundi wetu wa madirisha ni mtu wa sauti ya chini, na kabla ya kupima ukuta huupapasa kwa kiganja kama daktari anayetafuta panapouma. Tulimwita kwa sababu chumba anamoshonea mama kilikuwa na giza, taa ikiwaka mchana kutwa. Kabla hajabomoa, aliketi kwenye kiti cha mama, akainama kama anayeshona, akauliza:

"Mama, mwanga uje upande wa bega lipi?"

"La kushoto, mwanangu."

Akatoboa upande huo. Dirisha lilipokaa sawa, mama alitia uzi kwenye sindano bila kuniita.

"Zimeni taa," alisema.

Fundi akaizima. Nilipofungua mdomo nimshukuru, aliniashiria ninyamaze: mama alikuwa ameshaanza kushona.