Kusema Nimeshiba Ugenini

Jumapili ya pili ya Aprili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika nilipokaribia kijiji cha Masaki. Bodaboda akanishusha mbali na nyumba kwa sababu ya tope.

Nilikwenda kumwamkia bibi, mama yake baba. Wiki iliyopita nilirudi Kibaha kutoka Ulaya, ambako nilimaliza muda wangu wa kujitolea kwenye ghala linalogawia watu chakula bure. Kabla sijaondoka, bibi alisema nitarudi mgeni. Neno hilo nimekaa nalo safari nzima, na leo niliogopa kuliko siku ya kupanda ndege.

Shangazi akatandika mkeka mpya, akatoa sahani za maua. Zile ni za wageni. Nikanywea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtu atoke kwenye ghala la chakula, amekonda hivi?"

Nikawaeleza. Siku ya kwanza kule, mama aliyesimamia zamu aliniuliza kama nitakula. Nikajibu nimeshiba, kama mtu yeyote aliyelelewa hapa, nikingoja anishike mkono anilazimishe. Akasema sawa, akaenda na supu yake. Simlaumu, aliuliza, nami nilijibu. Nikashinda na njaa katikati ya magunia ya viazi.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Na hao waliogawiwa chakula, wakikwambia inatosha?"

"Nilikuwa nawalazimisha. Mzee mmoja aliondoka na kabichi tatu, na anaishi peke yake."

Labda alizipenda, labda alinionea haya. Sijui mpaka leo.

Bibi hakucheka. "Sasa utakula?"

"Ndiyo, bibi. Nina njaa."

Shangazi akaacha kucheka. Hapo nikajua nimeharibu, maana sikukataa hata mara moja.

"Mama, huyu Ulaya wamemmaliza haya zote," shangazi akasema.

Bibi akanitazama kwanza. "Anayekataa ni mgeni. Huyu kasema njaa vilevile alivyokuwa akisema utotoni. Rudisha hizo sahani kabatini. Na wewe, jembe liko nyuma ya mlango. Muhogo haujing'oi."

Nikavua viatu nikaenda. Mihogo miwili niliivunjia ardhini, shangazi akanishauri nirudi kwenye kabichi zangu. Sina hakika kama bibi alinipokea kweli au alihitaji tu mtu wa kung'oa. Yote mawili yanawezekana.

Jioni tulikula muhogo wa nazi na dagaa wa kukaanga, na chai ya rangi.